Kivumbasi Hakinuki Bure

Nyinyi mnaouza vichupa vya mafuta ya mchaichai pale Busia karibu na mpaka, nimewaona. Juzi mmoja wenu alinifuata kutoka kwa fundi wa viatu hadi stendi akinisihi ninunue kimoja, eti yatanisaidia magoti. Nikakifungua, nikanusa mara moja, nikamrudishia.

"Nyanya, kwani ni feki?"

Nikamwambia si feki, ila aliyekata majani aliyakata yangali na umande, na aliyepika alikuwa na haraka ya kwenda mahali. Kijana akanitumbulia macho. Mwenzake akacheka, akasema huyu mzee ana pua ya mbwa. Asante, mwanangu. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni sifa.

Basi nimeona niwaandikie, maana mnauza kitu msichokijua. Bei yake mnaijua, na mnajua kwamba kinaondoa mafua na kufukuza mbu. Lakini hamjui kiliwekwa ndani ya jani kwa ajili gani. Mimi pia sikujua. Nilikuja kujua asubuhi moja, kwa namna ambayo hata leo nikipita penye kivumbasi kinachonuka na nisione aliyekigusa, naongeza mwendo.

Naitwa Nabwire, Msamia wa upande wa Masafu. Nilianza kazi ya kupika mafuta ya majani miaka ile ya sitini, bendera zikiwa bado mpya pande zote mbili za mpaka. Mtambo wetu ulikuwa kati ya Tororo na Busia, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijito chenye matete. Mwenyewe alikuwa tajiri wa mjini aliyekuja mara moja moja na gari, akasimama mbali kwa sababu harufu ilimuumiza kichwa. Upande wa juu tulipanda mchaichai. Upande wa chini, hadi kwenye matete, palikuwa na kivumbasi. Si hiki kifupi mnachopanda uani, bali kile kirefu cha kijivu kinachofika begani na kutoa kafuri. Katikati ya kivumbasi ulisimama mkaratusi mmoja mkubwa, ambao sisi tuliuita kalitunsi.

Watu walisema tunapika manukato. Mama Nyafwono, aliyenifundisha kazi, hakulipenda neno hilo. Alikuwa Mpadhola wa Paya, mwembamba na mkali, na ndiye aliyekuwa mkuu wa chungu na moto. Kila asubuhi alisimama njiani, nasi tukapita mbele yake mmoja mmoja akitunusa. Mwenye sabuni ya kunukia alirudishwa kijitoni akaoge tena kwa maji matupu. Mwenye mafuta ya nywele alifungwa kitambaa kichwani hadi jioni. Wiki yangu ya kwanza alinishika bega.

"Wewe jana nakula kitunguu."

"Hapana, Mama."

"Basi kitunguu nakula wewe. Kaa mbali na chungu."

Nilimchukia siku hiyo. Baadaye nilielewa kwamba kazi nzima ilikuwa puani. Chungu chetu kilikuwa pipa la chuma, maji chini, wavu katikati, majani juu ya wavu. Mvuke hupanda, huyachukua mafuta kutoka kwenye majani, hupita kwenye bomba lililozama ndani ya hodhi la maji, na mwishoni hudondoka chupani, mafuta yakaelea juu ya maji. Lakini macho hayawezi kukwambia mafuta yameisha. Pua ndiyo hukwambia. Harufu nyepesi hutangulia, inafuata nzito, halafu inakuja harufu ya nyasi mbichi zilizochemka, na hapo ukiendelea kuchochea unachoma kuni za bure. Msiyashindilie majani kwenye pipa, mvuke utajitafutia kichochoro na kuyaacha mengine hayajaiva. Msiyamwage ovyo pia. Mchaichai ulazwe kivulini nusu siku kwanza ulegee. Haya nawapa bure.

Kwa kuwa mtambo wa waragi, gongo ya kwetu, na mtambo wetu ni ndugu wa tumbo moja, askari walitusumbua. Mmoja mgeni aliona moshi na bomba, akashuka na fimbo yake akitaka kutukamata sote. Mama Nyafwono hakubishana. Alimkingia kikombe chini ya bomba, akampa kwa mikono miwili. "Onja, afande. Kama ni pombe, funga sisi." Yule bwana akapiga funda la mtu mwenye kiu. Alitokwa na machozi, akakohoa, akaenda zake bila kuaga. Walioishi naye walisema alicheua mchaichai hadi Jumapili, na mbu wakahama nyumba yake.

Siku moja nikiwa bado mgeni, Mama Nyafwono alichuma jani la kalitunsi akaliinua kwenye jua.

"Tazama ndani."

Nikaona vitone vingi vidogo vinavyopitisha mwanga, kana kwamba jani limetobolewa kwa sindano.

"Ile ni nyumba ya mafuta. Nani najenga?"

"Mungu, Mama."

"Sawa. Kwa kazi gani?"

Nikasema kwa ajili ya kifua na mafua. Alicheka hadi akakaa chini. "Majani hajui kifua yako, nyara." Nyara kwao ni binti yangu, na aliniita hivyo kila aliponiona mjinga kwa namna inayosameheka. "Mbuzi nakuja, wewe nakimbia. Ng'ombe iko na pembe. Nyuki iko na mwiba. Hii majani nasimama tu pale nalizaliwa. Sasa yeye nafanya nini?"

Alinifundisha kidogo kidogo, jani kwa jani. Jani changa lina mafuta mengi kuliko jani zee, kwa sababu changa ndilo mbuzi analolitamani. Kivumbasi kilichoota penye mawe hunuka kuliko kile kilichonona penye samadi, kwa sababu maskini hulinda zaidi kile kidogo alicho nacho. Mti ukikatwa hutoa gundi ya kufunga kidonda, na gundi hiyo hiyo humlevya mdudu anayetaka kuingia. Ua nalo hutumia ufundi ule ule kwa kazi ya kinyume: humwita nyuki mchana na nondo jioni, njooni mbebe chavua. Na kalitunsi, mwenye roho mbaya kuliko wote, hupeleka vita hadi ardhini. Majani yake yakidondoka, chini yake hakuoti kitu. Chini ya ule wetu palikuwa peupe, duara kubwa la udongo mtupu na majani makavu, na kivumbasi kimesimama pembeni pande zote hakithubutu kuingia.

Lakini kila sumu ina mlaji wake. Palikuwa na kiwavi mmoja wa kijani aliyeishi kwenye kivumbasi na kukila bila wasiwasi. Kuku wa jirani alimdonoa, akamtema, akapangusa mdomo chini mara nyingi. Kiwavi alikuwa amejipaka silaha ya mwenzake.

Sheria iliyokuwa kubwa kuliko zote ilihusu upepo. Kukata kulianzia upande ule upepo unakoelekea, tukarudi kuelekea unakotoka, kamwe si kinyume. Mama Nyafwono alisema ukianzia upande upepo unakotoka, harufu ya waliokatwa inawafikia ambao hawajakatwa, nao wanajikaza. Wandera alilicheka jambo hilo. Huyu alikuwa kijana wa Busia upande wa Kenya, mwenye nguvu, mwenye maneno, na mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu, na hakuacha tukisahau.

"Mama, majani hayana masikio," alisema. "Yatasikiaje?"

"Wewe iko na masikio mbili," Mama Nyafwono akamjibu, "na bado hapana sikia."

Wandera akaanzia upande upepo unakotoka, kwa ukaidi tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kivumbasi alichokimalizia kilitoa mafuta makali yaliyowasha macho, na kafuri yake ilikuwa nyingi kuliko kawaida. Naye, akidhani baridi zaidi ndiyo mafuta zaidi, akajaza hodhi maji ya kijito ya asubuhi. Kafuri si mafuta ya kawaida, ikipozwa sana huganda. Iliganda ndani ya bomba, nyeupe kama chumvi, ikaliziba. Chungu kikaanza kuguna. Nawaambia kweli, kiliguna kama mtu aliyezibwa mdomo. Mama Nyafwono alirusha magunia yaliyolowa maji juu ya moto na kutufukuza sote, akabaki peke yake na lile pipa hadi liliponyamaza. Ukipika kafuri, maji ya hodhi yawe vuguvugu. Wandera hakucheka tena juu ya masikio. Mjukuu wangu anayesomea kilimo ananiambia hata wao hufundishwa siku hizi kwamba jani likijeruhiwa, jirani yake hupata habari kwa hewa.

Sitawaficha, lile shamba la chini lilitutia hofu. Mchana wa jua kali, upepo ukiwa umekufa, kivumbasi chote kilipumua kwa pamoja, na harufu ilitupanda kichwani hadi tukasikia masikio yakivuma. Panzi hawakulia mle. Ndege waliruka juu yake bila kutua. Ukisimama katikati ulisikia moyo wako mwenyewe. Tena kwetu wakati ule maiti ililazwa juu ya majani ya kivumbasi ili nzi wasiikaribie, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa ameijua harufu ile kwanza msibani. Watu waliamini kwamba kivumbasi kikinuka bila kuguswa, kuna marehemu anapita. Mimi niliamini. Nilikuwa nimemzika mama yangu na harufu ile puani.

Sasa niwaambie habari ya Athieno.

Athieno alikuwa binti pekee wa Mama Nyafwono, mkataji mwenzetu, na rafiki yangu wa kula chungu kimoja. Tulikuwa rika moja. Aliolewa Busia ng'ambo ya pili, lakini mumewe alifanya kazi Kisumu, kwa hiyo yeye aliishi huku na huku, mara kwa mama mkwe, mara kwa mama yake aliyekuwa na nyumba ng'ambo ya kijito. Alikuwa na mimba ya kwanza na tumbo lilikuwa limeshashuka. Siku moja alikwenda sokoni Busia, jioni hakurudi, na mama yake hakushtuka. Alijua amelala kwa mama mkwe, kama ilivyokuwa desturi yake kukichelewa.

Asubuhi yake tulitangulia mapema, tukate mchaichai umande ukishakauka. Kulikuwa na baridi, umande umejaa, upepo kidogo tu ukipanda kutoka kijitoni. Kivumbasi hakina harufu saa kama ile. Mafuta yake hulala mpaka jua liyaamshe. Lakini tulikuwa bado barabarani harufu ilipotupokea, nzito, kali, harufu ya shamba zima lililofyekwa.

Mama Nyafwono akasimama. "Nani nakata kivumbasi?"

Miundu yote ilikuwa mikononi mwetu, mikavu.

"Ni wezi, Mama," Wandera akasema. "Wametutangulia."

"Mwizi nakata, nachukua, nakwenda. Hii hapana kata. Hii napigwa usiku yote."

Mwanamke mmoja nyuma yangu akataja jina la Yesu. Mwingine akasema waziwazi kile tulichokuwa tunakifikiri, kwamba anapita mtu asiye wa duniani, na akageuka akarudi alikotoka. Wengine wakakaa njiani, wakakataa kusogea. Miguu yangu ilitaka kuwafuata. Hapo ndipo Wandera akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka kitu kidogo, "Lakini si Athieno nilimwona jana jioni? Alikuwa akishika ile njia ya mkato."

Njia ya mkato ilipita katikati ya kivumbasi.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Mama Nyafwono hakupiga kelele. Alilowesha kidole, akakiinua, akaikunja mikono ya gauni lake isiguse majani, akaingia shambani. Aliita mara moja tu, "Athieno!" na hakuna aliyeitika. Wandera akamfuata. Mimi nikafuata kwa sababu niliogopa zaidi kubaki nje na kuja kuambiwa.

Alitembea akiukabili upepo, mdomo wazi kidogo, taratibu, kama anapapasa ukuta gizani. Nilitamani kumwambia akimbie. Kivumbasi kilikuwa kimesimama pande zote mbili, kimelowa umande, hakuna jani lililovunjika, na bado kilinuka. Akasimama kwenye kichaka kimoja, akakichunguza bila kukigusa.

"Huyu hapana guswa," akasema. "Huyu naambiwa tu."

Mimea yote ile ilikuwa imesimama inapokezana habari, mmoja kwa mwingine, kutoka mahali tusipopaona hadi barabarani, na sisi tulikuwa tunaifuata habari hiyo kurudi ilikoanzia.

Tukafika mahali kivumbasi kilipolala. Palikuwa na ujia, upana wa mnyama mmoja, mashina yamepondwa hadi yakawa kama mboga iliyotwangwa. Harufu pale ilikuwa ya kukata pumzi. Tulidhani ujia utatupeleka mahali, lakini haukwenda popote. Ulipinda, ukapinda, ukarudi pale pale tulipokuwa. Ulikuwa duara. Kwenye tope Wandera akainama, akaona nyayo, moja juu ya nyingine hadi zimefutana.

"Fisi," akanong'ona. Halafu akasema, "Mama, fisi hatembei hivi. Huyu ametumwa."

"Hapana tumwa. Alikuwa natafuta." Mama Nyafwono aliongea polepole kama siku zote alipotufundisha. "Nasikia damu. Pua nasema, iko hapa. Nakuja, nakanyaga kivumbasi, kivumbasi natoa mafuta, pua nakufa. Nazunguka tena. Nakanyaga tena."

Nilielewa kabla hajamaliza, na ningetamani nisielewe. Ndani ya duara lile kulikuwa na damu ambayo yule mnyama alijua ipo. Kila alipoitafuta alikiponda kivumbasi, na kila alipokiponda kilimfumba pua. Alikuwa amefungiwa nje na silaha aliyoiamsha kwa miguu yake mwenyewe. Kivumbasi hakikuwa kikimlinda mtu. Kilikuwa kikijilinda chenyewe, kama siku zote. Lakini kulikuwa na mtu ndani.

Tukakivuka kile kivumbasi kilichobaki, tukatokea penye udongo mtupu chini ya kalitunsi.

Athieno alikuwa ameegemea shina, miguu imenyooshwa, nguo zimelowa damu. Kifuani ameshikilia fundo la kanga. Macho yake yalikuwa wazi. Hakututazama sisi, alitazama nyuma ya mti, upande wa matete. Nilimwita jina lake na hakugeuka. Mama yake alipopiga magoti mbele yake, alisogeza midomo tu.

"Mama, nyamaza. Bado iko pale."

Tulidhani ni homa. Hakuna aliyetazama alikotazama.

Baadaye sana, tukiwa tunachambua mboga, aliniambia yaliyompata, nayo nayaweka hapa ili msipotee. Uchungu ulimshika katikati ya njia. Akajikokota hadi pale peupe kwa sababu palikuwa safi, pasipo nyasi wala siafu. Aliita mpaka sauti ikakatika. Kisha akasikia kitu kikipumua ndani ya kivumbasi, akaacha kuita. Akazaa akiuma kanga. Hakumwogopa sana yule mnyama, alisema. Alimwogopa mtoto. Alijua mtoto akilia, pua haitakuwa na kazi tena, masikio yatatosha. Mtoto akatoka akafungua mdomo, akavuta ile hewa, akanyamaza. Athieno akamweka titini gizani, na hapo fahamu ikawa inakuja na kuondoka. Hakujua kama alichokishika ni mtoto au maiti. Hakuthubutu kumtikisa ili ajue.

Mama Nyafwono akafungua lile fundo. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo, rangi ya majivu, kitovu bado hakijakatwa. Nikamgusa mguu. Ulikuwa baridi kama mguu wa chura, na haukujikunja. Nikaanza kulia kwa sauti, kilio cha msiba, sikuweza kujizuia. Wandera alivua kofia yake. Harufu ile ya kafuri ilikuwa imejaa kila mahali, harufu ya mama yangu akilazwa juu ya majani, na kwangu mambo yalikuwa yamekwisha.

Mama Nyafwono hakulia. Alimwinua mtoto kwa mikono miwili, akaweka pua yake kwenye mdomo wa mtoto, akafumba macho. Alikaa hivyo. Mimi nilikuwa karibu naye hivi, bega kwa bega, na sikuweza kunusa kitu chochote duniani isipokuwa kivumbasi. Yeye alivuta pumzi kidogo, akaiacha, akavuta tena, kama alivyofanya mbele ya chungu mafuta yakikaribia kwisha.

"Nyamaza, Nabwire," akasema. "Huyu nanyonya. Maziwa iko ndani, na iko moto."

Akakata kitovu kwa mundu, akakifunga kwa uzi wa kitambaa chake. Akavua gauni la juu, akamsugua mtoto mgongo na kifua, akamsugua kwa nguvu hadi nikahofia atamvunja, akimwita kwa Kipadhola maneno ambayo sikuyajua. Rangi ya majivu ikaanza kutoka. Mguu ukajikunja. Na Alum, kama walivyokuja kumwita kwa kuwa alizaliwa majanini, ambaye leo ni bibi mwenye kelele kuliko mimi, akafungua mdomo akalia.

Athieno akamkamata mama yake mkono. "Mama," alisema, "nakwambia nyamaza."

Nyuma ya kalitunsi, ndani ya matete, karibu kiasi cha kufikiwa na jiwe la kutupwa kwa mkono, kitu kikapiga chafya. Kisha matete yakafunguka na kitu kizito kikasimama.

Hatukukimbia. Mama Nyafwono alimkweza binti yake mgongoni mwa Wandera, akanifunga mtoto kifuani, akatusukuma tutangulie. Yeye alikuja nyuma kabisa, akitembea kinyumenyume na mundu mkononi, akivunja kivumbasi kushoto na kulia kwa kila hatua, mpaka tukafika barabarani.